Figo na njia ya mkojo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa uuguzi wa ngazi ya juu, Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa stashahada na shahada ya uuguzi walioko kwenye mafunzo kwa vitendo Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya za jirani. Anatomia hatuirudii, mmeshaisoma. Tunajibu yale yanayowakwamisha watu wodini saa nane usiku, daktari akiwa chumba cha upasuaji na fuko la mkojo likiwa karibu tupu.

Kwa nini msimamizi wa zamu anadai mkojo wa kila saa ilhali damu ya kreatinini imeshapelekwa maabara?

Kwa sababu kreatinini huchelewa. Ni taka inayotoka kwenye misuli na kuchujwa na figo, inajikusanya damuni polepole, na uchujaji ukianguka asubuhi ya leo, kreatinini inaweza kuchukua siku moja au mbili kabla ya kupanda kwa kiasi cha kumshtua mtu. Bibi mkonde wa kilo 42, asiye na misuli ya kutosha, anaweza kupoteza nusu ya uchujaji wake na majibu yakarudi yakiwa bado ndani ya kiwango cha kawaida.

Mkojo husema mapema zaidi. Figo mbili hupokea takribani asilimia 20 hadi 25 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Huchuja karibu ml 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku, na zaidi ya asilimia 99 ya maji hayo hurudishwa mwilini. Damu inayofika kwenye glomerulo (chujio la figo) ikipungua, mambo mawili hutokea kwa pamoja: kinachochujwa hupungua, na homoni za aldosteroni na vasopresini huamuru mirija irudishe chumvi na maji zaidi. Ndiyo maana mkojo hupungua ndani ya saa chache.

Kigezo ni ml 0.5 kwa kila kilo kwa saa. Mama wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau ml 30 kwa saa, au ml 180 kwa saa 6. Ukimkuta na ml 140 baada ya saa 6, ameshatimiza kigezo cha figo kushindwa ghafla hata kama kreatinini yake ni nzuri. Vigezo vingine viwili ni kreatinini kupanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita au zaidi ndani ya saa 48, au kufika mara 1.5 ya kiwango chake cha awali ndani ya siku 7. Kimoja tu kinatosha.

Pima kwa jagi lenye alama. Mistari ya kwenye fuko ni ya kukadiria tu, na fuko likilala upande hudanganya. Na kabla ya kumpigia mtu simu kwamba mkojo umekata, fuata mrija kwa vidole kutoka kwa mgonjwa hadi kwenye fuko: je, umekunjika? Mgonjwa ameulalia? Kibofu kinashikika juu ya kinena? Katheta iliyozibwa na damu iliyoganda imewahi kuandikiwa dripu nyingi sana zisizohitajika.

Je, mkojo mwingi maana yake figo ni nzima?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanateleza. Jentamaisini huharibu mirija ya mwanzo ya nefroni kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 7 za matibabu, na mgonjwa anaendelea kukojoa vizuri kabisa. Mirija imepoteza uwezo wa kukoleza mkojo, kwa hiyo maji yanapita lakini taka zinabaki. Hali kadhalika mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake iko juu: sukari inavuta maji, anakojoa sana huku mwili ukikauka. Aliyepewa furosemaidi naye mkojo wake hautafsiriki kwa saa kadhaa zinazofuata. Kwa hawa watatu, kreatinini na uzito wa kila siku ndivyo vya kutegemea.

Nitatofautishaje tatizo la kabla ya figo, la ndani ya figo na la baada ya figo nikiwa kitandani kwa mgonjwa?

Anza na la baada ya figo, kwa sababu ndilo linalotibika kwa dakika 10. Gusa kibofu, uliza kuhusu tezi dume, uliza kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, na kama mashine ya altrasaundi ipo omba figo ziangaliwe kama zimetanuka. Kuziba upande mmoja tu hakupandishi kreatinini sana kwa mtu mwenye figo mbili nzima, kwa hiyo kreatinini ikiwa juu kwa sababu ya kuziba, ama pande zote mbili zimeziba, ama kizuizi kiko kwenye kibofu au chini yake, ama mtu huyo ana figo moja inayofanya kazi.

Kabla ya figo: amepoteza damu, ameharisha, ameungua, ana sepsisi, au moyo hausukumi. Mirija bado ni mizima na inafanya kazi kwa nguvu, hivyo mkojo ni mchache na mzito, uzito wake mahususi (uzito ukilinganishwa na wa maji) ukiwa zaidi ya 1.020. Mpe ml 250 hadi 500 za Ringa lakteti au salaini kwa haraka, kisha rudi umwangalie: mapigo, presha, sauti za mapafu, mkojo. Usitundike lita tatu ukaenda kunywa chai.

Hali hiyo ikiachwa, inageuka kuwa ya ndani ya figo. Sehemu ya ndani ya figo huishi kwa oksijeni kidogo hata siku za kawaida, na chembe za mirija pale zinafanya kazi nzito ya kusukuma sodiamu. Damu ikikosekana kwa muda, chembe zinakufa, zinabanduka, zinaziba mrija, na maji yaliyochujwa yanavuja kurudi nyuma. Uzito mahususi wa mkojo sasa unabaki karibu na 1.010, kwa kuwa mrija hauwezi tena kukoleza wala kuzimua. Kwenye darubini utaona vipande vya kahawia vyenye umbo la mrija. Katika hatua hii kuongeza maji hakurudishi mkojo, kunajaza mapafu. Furosemaidi nayo haiponyi mirija. Kazi yake hapa ni kupunguza maji yaliyozidi kama bado kuna mkojo.

Mirija ikianza kupona, mgonjwa anaweza kukojoa lita kadhaa kwa siku. Familia hufurahi, na ni haki yao, lakini wewe angalia potasiamu na sodiamu, maana mirija michanga haijajua kuzirudisha.

Mgonjwa wa presha ameharisha siku tatu na anameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Kwa nini daktari amesimamisha dawa zake za presha?

Glomerulo ina mshipa mdogo unaoingiza damu na mwingine unaoitoa. Damu ikipungua, figo hujitetea kwa njia mbili: prostaglandini hutanua mshipa unaoingiza, na anjiotensini ya pili hubana ule unaotoa, ili presha ya ndani ya chujio isianguke. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia prostaglandini. Enalaprili, kaptoprili na losatani huzuia anjiotensini. Haidroklorothiazaidi au furosemaidi hupunguza maji ya mwili. Zikikutana zote tatu kwa mtu aliyekauka, chujio linabaki bila ulinzi wowote.

Hili ni la kila siku kwetu. Mtu anayelima viazi Uyole au kupasua mbao Mafinga akiumwa mgongo hununua vidonge vya maumivu dukani bila kuviita dawa. Kwa hiyo usimuulize “unatumia dawa gani?” peke yake. Muulize, “Mzee, ukiumwa mgongo unameza nini? Kwa siku ngapi? Na dawa za mitishamba je?” Mpe heshima yake wala usimkaripie, la sivyo mitishamba hutasikia habari zake. Akishapona kuharisha na anakula na kunywa vizuri, dawa za presha zinarudishwa kwa maelekezo ya daktari. Hakikisha hilo limeandikwa kwenye kadi ya kuruhusiwa, maana wapo wanaokaa miezi bila dawa kwa kuwa hakuna aliyewaambia waanze tena.

Potasiamu imerudi juu, milimoli 6.8 kwa lita. Nianze wapi?

Anza na mgonjwa: mapigo ya moyo, udhaifu wa misuli, na ECG (mchoro wa umeme wa moyo) mara moja. Mawimbi ya T yaliyochongoka, wimbi la P kutoweka na QRS kupanuka ni dharura, na hapo usisubiri kipimo cha pili.

Kalisi (kalsiamu) glukoneti ya asilimia 10, ml 10 hadi 30 kulingana na mwongozo wa hospitali yako, hupewa kwenye mshipa kwa dakika 5 hadi 10 huku moyo ukiangaliwa. Kalisi haishushi potasiamu hata kidogo. Inautuliza moyo kwa takribani dakika 30 hadi 60 ili dawa nyingine zifanye kazi. Hakikisha kanula iko ndani ya mshipa, maana ikivuja huunguza nyama, na usiipitishe kwenye mrija mmoja na baikaboneti kwa sababu zitagandana.

Kisha insulini ya kawaida yuniti 10 pamoja na glukosi gramu 25, yaani ml 50 za dekstrosi ya asilimia 50. Kama kuna ya asilimia 10 tu, ni ml 250. Insulini husukuma potasiamu iingie ndani ya chembe, haiondoi mwilini. Kosa linaloua hapa ni sukari kushuka saa mbili au tatu baadaye, wakati kila mtu ameshaondoka kitandani. Pima sukari dakika 30 baada ya kumpa, kisha kila saa kwa angalau saa 6. Salbutamoli ya kuvuta ya miligramu 10 hadi 20 husaidia pia, kwa uangalifu kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Sasa suala la baridi, ambalo vitabu vingi hulipitia haraka. Pampu inayoshikilia potasiamu ndani ya chembe nyekundu huzorota kwenye baridi. Sampuli iliyochukuliwa Makete au Njombe mwezi Juni au Julai, ikakaa saa kadhaa bila kutenganishwa, kisha ikasafirishwa kwenye boksi lenye barafu, inaweza kutoa potasiamu ya juu ya uongo bila seramu kuonekana nyekundu. Kukaza mpira mkononi kwa muda mrefu na kumwambia mgonjwa afumbe na kufumbua ngumi huleta uongo huohuo. ECG ikiwa ya kawaida, kreatinini nzuri na mgonjwa hana lalamiko, rudia kipimo kwa sampuli iliyotenganishwa mapema. Lakini usitumie ECG ya kawaida kumpuuza mgonjwa ambaye figo zake zinajulikana kuwa zimekufa: kwake amini namba hadi ithibitike vinginevyo.

Stripu ya mkojo (kijikaratasi cha kupimia kinachobadilika rangi) inadanganya wapi?

Naitraiti: bakteria wanahitaji kukaa na mkojo kwenye kibofu kwa takribani saa 4 ili kubadili naitreti kuwa naitraiti. Mama anayekwenda haja kila nusu saa anaweza kuwa na maambukizi kamili ya E. coli na naitraiti isionekane. Enterokokasi hawaitengenezi kabisa.

Damu: stripu haitofautishi chembe nyekundu, hemoglobini na mayoglobini. Ikionyesha damu +++ na darubini haioni chembe nyekundu, fikiria damu inayovunjika ndani ya mishipa, kama kwenye malaria kali, au misuli iliyopondeka, kama kwa aliyebanwa kwenye ajali ya bodaboda. Mwinuko wa Mbeya mjini, takribani mita 1,700, usikusahaulishe malaria: uliza kama ametoka Kyela au Usangu. Chembe nyekundu zikiwepo kweli, hasa kwa kijana ambaye damu inatoka mwishoni mwa kukojoa, uliza kuhusu kuoga au kulima kwenye maji yaliyosimama, na tafuta mayai ya kichocho. Mkojo wa kichocho hukusanywa kati ya saa 4 na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi.

Usaha bila bakteria kuota: fikiria kifua kikuu cha figo, zaidi kwa anayeishi na VVU, au mgonjwa aliyeanza antibayotiki kabla ya kuja.

Na stripu zenyewe: kopo lililoachwa wazi kwenye hewa yenye unyevu huharibu rangi. Funga kifuniko mara moja, soma kila kisanduku kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Mtoto amevimba. Ni figo au ni utapiamlo?

Swali hili ni zito katika mikoa yetu, ambako udumavu bado ni mkubwa. Mtoto wa kwashiakori huvimba zaidi miguuni, nywele zimebadilika, ngozi inabanduka, ana huzuni na hataki kula. Mtoto wa sindromu ya nefrotiki huamka na macho yaliyovimba, jioni uvimbe umeshukia miguuni na kwenye korodani, na mara nyingi nywele na ngozi ni nzuri. Wote wawili albumini ya damu iko chini. Kinachoamua ni mkojo: protini +++ au zaidi inaelekeza kwenye figo. Wapo wenye yote mawili, basi pima kila mtoto aliyevimba kabla ya kumwandikia maziwa ya tiba.

Kwenye nefrotiki, chujio limepoteza uwezo wa kuzuia protini. Pamoja na albumini hupotea kingamwili na protini zinazozuia damu kuganda. Kwa hiyo mtoto huyu akipata maumivu ya tumbo na homa, ni maambukizi ya utando wa tumbo hadi ithibitike vinginevyo. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ni damu iliyoganda. Usimchome sindano kwenye mshipa wa paja.

Mwingine ni yule wa nefritiki (chujio la figo lenye uchochezi): mkojo rangi ya chai ya rangi, presha juu, uvimbe wa wastani, kreatinini imepanda. Uliza kuhusu koo wiki moja hadi tatu zilizopita, na kuhusu vidonda vya ngozi au upele wiki tatu hadi sita zilizopita. Hatari kwake ni presha: mtoto anayelalamika kichwa na kutapika anaweza kudegedega muda wowote. Presha yake ipimwe kwa kitambaa kinachomtosha, maana kidogo kupita kiasi hutoa namba kubwa ya uongo.

Mteja wa ARV kreatinini imepanda kidogo. Tenofovia inamuua figo?

Huenda, lakini tulia kwanza. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye kiwango kikubwa zaidi cha VVU nchini, kwa hiyo utakutana na hili kila kliniki. Mchanganyiko unaotumika sana una tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Dolutegravia huzuia mirija kutoa kreatinini, hivyo kreatinini hupanda kidogo ndani ya wiki za mwanzo kisha hutulia palepale, bila uchujaji kushuka kweli.

Tenofovia ni habari nyingine. Hujikusanya kwenye mirija ya mwanzo na kuidhuru. Dalili zake ni sukari kwenye mkojo wakati sukari ya damu ni ya kawaida, protini kwenye mkojo, fosfeti ya damu kushuka, na kreatinini inayoendelea kupanda bila kutulia. Stripu ya mkojo ya bei ndogo ndiyo inayokuonyesha sukari hiyo. VVU wenyewe pia hushambulia glomerulo, na tiba ya ugonjwa huo ni ARV, kwa hiyo usimwambie mteja aache dawa. Anayebadilisha mchanganyiko ni daktari.

Magneziamu ya kifafa cha mimba inahusianaje na figo?

Magneziamu hutolewa na figo pekee. Mkojo ukikata, inajikusanya: kwanza mrejesho wa goti unapotea, kisha pumzi inasimama. Kabla ya kila dozi hakikisha pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka, na mkojo ni angalau ml 100 kwa saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, shikilia dozi na uite msaada. Kalisi glukoneti gramu 1, ml 10 za asilimia 10, iwe imeandaliwa kando ya kitanda, siyo kabatini kwenye ofisi iliyofungwa.

Usijaribu kulazimisha mkojo wa mama mwenye kifafa cha mimba kwa dripu nyingi. Mishipa yake inavuja na albumini iko chini. Maji huishia kwenye mapafu. Jumla ya maji isizidi takribani ml 80 kwa saa, isipokuwa anavuja damu.

Mzee mwenye tezi dume amebanwa mkojo tangu jana. Nitoe wote kwa mkupuo?

Ndiyo, utoe. Kufunga na kufungua katheta kidogo kidogo hakujathibitika kumlinda. Mweke chali, pima presha, tumia katheta namba 14 au 16 na jeli ya kutosha, uisukume hadi kwenye panda (pale katheta inapogawanyika). Puto halijazwi mpaka mkojo umetoka. Akilia maumivu wakati unajaza, simama: puto liko kwenye mrija wa mkojo, litapasua. Jaza kwa maji yaliyotakaswa, siyo salaini, kwa kuwa chumvi huweza kuganda na puto likakataa kutoka. Rudisha govi mahali pake. Andika kiasi kilichotoka.

Kazi kubwa huanza baada ya hapo. Mirija iliyokandamizwa kwa muda mrefu haiwezi kushika chumvi wala maji, na urea iliyojaa damuni inavuta maji zaidi. Mkojo ukizidi ml 200 kwa saa kwa saa mbili mfululizo, mjulishe daktari, pima elektrolaiti, na kwa kawaida hurudishiwa takribani nusu tu ya alichokojoa. Ukirudisha chote, wewe mwenyewe ndiye unayeendeleza mkojo huo.

Mgonjwa wa kisukari mwenye figo sugu anasema sukari yake imeanza kushuka yenyewe. Amepona?

Hajapona. Figo huvunja sehemu kubwa ya insulini, hasa ile ya sindano. Zinapokufa, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Dozi ileile iliyomfaa mwaka jana sasa inamwangusha. Metifomini huachwa GFR (kasi ya uchujaji wa figo) ikishuka chini ya 30.

Angalia pia hemoglobini yake. Figo ndizo zinazohisi oksijeni na kutoa erithropoietini (homoni inayochochea kutengenezwa kwa chembe nyekundu), na mtu mzima wa kwenye mwinuko kama Njombe hutarajiwa kuwa na hemoglobini ya juu kuliko wa Pwani. Hemoglobini inayoonekana “inaridhisha” kwa kipimo cha Dar es Salaam inaweza kuwa upungufu wa kweli huku.

Nimshauri ale nini ikiwa potasiamu iko juu?

Chakula chetu kizuri ndicho chenye potasiamu: ndizi za Rungwe, parachichi, viazi mviringo, maharage. Usimwambie aache vyote, kwa sababu atarudi nyumbani na kula vilevile. Mfundishe mpishi. Viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, vichemshwe tena kwa maji mapya. Kuloweka tu bila kuchemsha kunaondoa kidogo sana. Supu ya viazi na ya maharage asinywe, na chumvi mbadala zenye potasiamu asizitumie kabisa.

Kwa maji, mwenye mkojo kidogo hunywa kiasi cha mkojo wa jana kuongeza ml 500. Uji, chai, supu na ulanzi vyote vinahesabiwa. Mpe chupa ya lita moja ya kupimia na umwombe ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula: kilo moja iliyoongezeka kati ya leo na kesho ni lita moja ya maji, na zikifika mbili arudi kliniki bila kusubiri tarehe yake.